Mganga Huyu Anajulikana na Nani?

Kijana akivunjika mkono malishoni kule Oltepesi, kaunti ya Kajiado, jamaa zake hawaanzi kwa kuulizana ni nani mwenye cheti. Olabaani wa karibu, yaani mganga wa jadi, wanamjua. Wanajua alijifunza kwa baba yake, wanawajua aliowaganga wakapona, na yule ambaye mkono wake uliunga vibaya wanamjua vilevile. Akikosea hana pa kukimbilia, kwa sababu ng'ombe wake wanakunywa maji penye ng'ombe wa wale anaowatibu, na wazee wana njia zao za kumwita aje ajieleze.

Sasa ipande barabara ya Magadi hadi Kiserian, uzunguke mpaka barabara ya Namanga, uingie Kitengela. Kwenye nguzo za umeme na kuta za steji utakuta vibango: daktari kutoka Tanga, daktari kutoka Pemba, daktari kutoka Kitui. Anatibu kisukari, presha na ugumba, anarudisha mpenzi aliyetoroka, anamaliza kesi mahakamani. Hakuna jina kamili wala anwani, ila namba ya simu tu. Kitengela imekua upesi, watu wametoka kila pembe ya nchi kuja kununua ploti, na mtu anaweza kuishi miaka kadhaa bila kujua jirani yake alitoka wapi. Ukimtumia huyo daktari pesa kwa M-Pesa na mambo yakaharibika, laini inazimwa na hadithi inaishia hapo.

Tukiyaondoa maneno makubwa ya kiserikali, kudhibiti waganga wa jadi ni kumpa mkazi wa Kitengela ujuzi ambao mtu wa Oltepesi amezaliwa nao: huyu ni nani, alifundishwa na nani, anajua kutibu nini, na akiniumiza atapatikana wapi. Kenya haijaimaliza kazi hiyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ulinzi iko mikononi mwa mgonjwa na jamaa zake, na inafaa wajue sheria inawakinga hadi wapi na inawaacha wapi.

Karatasi zilizo ukutani

Ukiingia katika duka la mitishamba mjini, mara nyingi utaona vyeti vimewekwa kwenye fremu. Visome. Kila karatasi inasema jambo lake, na wagonjwa wengi huzichukulia zote kuwa leseni ya udaktari.

Cheti cha Idara ya Utamaduni ndicho utakachokutana nacho zaidi. Kwa miaka mingi waganga wa mitishamba nchini wamesajiliwa na idara hiyo kama watunzaji wa utamaduni, sawa na wachezaji ngoma na mafundi wa sanaa za jadi. Usajili huo una maana yake, kwani unaonyesha kwamba mtu alijitokeza mbele ya ofisi ya serikali akaandikisha jina. Haumaanishi kuwa kuna mtu aliyempima ujuzi wake wa kutibu ini au kuhudumia mjamzito. Karatasi ya pili ni kibali cha biashara cha kaunti, ambacho hata kinyozi na muuza mboga wanacho. Kinahusu kodi na mahali pa kazi, basi.

Leseni ya kutibu kama daktari ni kitu kingine kabisa. Hutolewa na baraza la madaktari, KMPDC, ambalo lina orodha mtandaoni inayomwezesha mwananchi kutafuta jina la daktari au la kituo. Mtu akijiita daktari, avae koti jeupe, ashike kipimo cha moyo na aandike maagizo ya dawa, tafuta jina lake humo. Usipolikuta, una haki ya kuondoka na pesa zako. Dawa zenyewe, pamoja na za mitishamba zinazofungashwa na kuuzwa madukani, husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Chupa halali huwa na jina la mtengenezaji, namba ya usajili, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chupa ya soda iliyojazwa maji ya kahawia na kuandikwa kwa kalamu haina lolote kati ya hayo, hata ikiwa iliyomo ni dawa njema.

Sheria zetu zenyewe zimetokana na nyakati zisizoelewana. Sheria ya Uchawi ilitungwa na wakoloni mwaka 1925 na bado imo vitabuni. Ilitungwa na watu ambao mara nyingi hawakutofautisha mganga anayechimba mizizi na mtu anayetisha majirani kwa hirizi, na kivuli chake kimewafanya waganga wengi wa kweli wafanye kazi zao kimyakimya. Katiba ya 2010 ikageuza uso upande wa pili. Kifungu cha 11 kinatambua teknolojia za kiasili, cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, cha 46 kinamlinda mlaji, na cha 69 kinaitaka serikali ilinde ujuzi wa jadi kuhusu mimea na viumbe. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na mwaka uliofuata, 2017, ikaja Sheria ya Afya.

Sheria hiyo ya 2017 ndiyo inayotuhusu zaidi. Ina sehemu nzima kuhusu tiba ya jadi na tiba mbadala. Inaitaka serikali kuu itunge sera ya kuiongoza, inaagiza Bunge litunge sheria ya kuunda chombo cha kuidhibiti, na inataka uwepo utaratibu wa mganga kumpeleka mgonjwa hospitalini. Maandishi ni mazuri. Miaka ikapita bila chombo hicho kuzaliwa, na mgonjwa wa Kitengela akabaki na vyeti vya utamaduni ukutani.

Kujuana peke yake hakutoshi

Ningependa kuandika kwamba tatizo ni matapeli wa mjini tu, na kwamba huko kwenye kung'aa kwa jua la Magadi kila kitu kiko salama. Si kweli, na wanaoumia zaidi kwa kunyamaza kwetu ni watoto.

Mtoto mchanga akiharisha na kushikwa na homa, katika nyumba nyingi za Kimaasai na za jamii nyingine za Afrika Mashariki husemwa kuwa ana meno mabovu kwenye ufizi. Huitwa mtaalamu, naye huchimbua vichipukizi vya meno ya chonge kwa kisu au chuma chenye ncha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu watoto wa Kimaasai wa vijijini hapa Kenya ulikuta kuwa kati ya watoto 95 wa umri wa miezi 6 hadi miaka 2, asilimia 87 walikuwa wamefanyiwa hivyo. Wazazi wao hawakuwa wazembe. Walikuwa na mtoto anayezidiwa, na mtu wanayemwamini akawaambia chanzo ni jino. Lakini uvimbe ule mweupe kwenye ufizi ni jino linalokua, na kinachomuua mtoto ni kuharisha na kupungukiwa maji, ambako dawa yake ni maji ya chumvi na sukari yenye vipimo sahihi, tembe za zinki na kuwahi zahanati. Kisu humwongezea damu kutoka, maambukizi na hatari ya pepopunda, na hata jino la ukubwani linaweza kuota limepinda au lisiote kabisa. Kukata kimeo kwa sababu ya kikohozi ni vivyo hivyo.

Mganga anayefanya haya anaweza kuwa mtu mwema anayejulikana na ukoo mzima. Ndiyo maana udhibiti hauwezi kuwa orodha ya majina peke yake. Lazima useme pia mganga anaruhusiwa kufika wapi. Anayeunga mifupa aunge mifupa iliyovunjika ndani ya ngozi nzima, na mfupa uliotokeza nje upelekwe hospitali bila mjadala. Enkaitoyoni, mkunga wetu wa jadi, amkande mama, ampe moyo na amsindikize kituoni, lakini damu ikianza kumwagika asijaribu kuizuia peke yake. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikatwe mahali popote na mtu asiye na vifaa vilivyotakaswa na leseni ya kufanya hivyo.

Kikombe cha Loliondo

Hakuna mahali palipotufunza haya kwa ukali kama kijiji cha Samunge, upande wa Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, ng'ambo ya mpaka wetu na Tanzania. Mwanzoni mwa 2011 Mchungaji Ambilikile Mwasapila, mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 za Tanzania. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto, na kwamba inaponya UKIMWI, kisukari, saratani na magonjwa mengine sugu. Watu walimiminika hata kutoka nchi jirani. Matatu na magari ya kukodi yaliondoka Kenya yamejaa wagonjwa, wengine wametolewa vitandani hospitalini. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi, na makumi ya watu waliripotiwa kufa wakiisubiri zamu yao. Ilibidi mchungaji mwenyewe aombe watu wapya wasije hadi msongamano upungue. Alifariki mwaka 2021.

Bei yake haikuwa ya mtu anayetafuta utajiri. Na mti aliouchemsha haukuwa wa kubuni: ni mtandamboo, ambao Wamaasai wanauita olamuriaki na wanautumia toka zamani. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, walikuwa wamekwisha kuchapisha, mwaka 2006, kwamba mizizi yake ilionyesha nguvu dhidi ya virusi vya malengelenge katika maabara na kwa panya. Kwa hiyo tulikuwa na mtu anayeonekana kuamini anachokifanya na mmea wenye kitu ndani yake. Bado watu walikufa, kwa sababu kati ya kuua virusi kwenye kichupa cha maabara na kumponya mwenye UKIMWI kuna safari ndefu ya majaribio, na wapo walioacha ARV na insulini baada ya kunywa kikombe. Unyofu wa mganga haukuwakinga. Ambacho kingewakinga ni mtu mwenye mamlaka ya kusema mapema: mpe, lakini usimwambie aache dawa zake.

Huo olamuriaki una jambo jingine ambalo kila mnunuzi wa mitishamba anapaswa kulijua. Una ndugu yake anayeitwa olmorijoi. Ni miti ya ukoo mmoja, majani yanafanana na yote huzaa matunda madogo yenye rangi ya zambarau. Olmorijoi ndio mti ambao wawindaji wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiuchemsha ili kupata sumu ya kupaka kwenye mishale. Sumu yake hushika moyo. Mchungaji wa mbuzi huitofautisha miti hiyo kwa macho, maana olamuriaki una miiba na olmorijoi hauna. Mizizi ikishakauka, ikasagwa, ikatiwa katika karatasi ya nailoni na kufika sokoni Kitengela, miiba haipo tena. Mnunuzi hana budi kumtegemea aliyechimba. Kama aliyechimba hajulikani, anategemea bahati.

Kabla hujanunua

Muulize mganga kwa adabu, kama mtu anavyomuuliza mkubwa wake. "Papa, dawa hii ni ya mti gani?" "Yeyo, nani alikufundisha?" Mtaalamu wa kweli wa Kimaasai hukasirika mara chache kwa swali kama hilo, mara nyingi atakutajia olkiloriti, osokonoi au olmukutan bila kusita, akwambie gome au mzizi, na akueleze inachemshwa vipi. Muulize pia ni nani asiyefaa kuinywa. Mwenye ujuzi ana jibu: mjamzito, mtoto, mtu mwenye figo dhaifu. Olmukutan, kwa mfano, ni dawa ya minyoo inayojulikana kote Umaasaini, na wanaoijua huipima kwa makini kwa sababu ikizidi inaumiza. Anayekwambia dawa yake haina madhara kwa mtu yeyote, unywe utakavyo, hajui dawa.

Dawa moja inayotibu magonjwa kumi yasiyohusiana ni ya kuachwa. Pia iache ile inayofanya kazi kwa kasi ya kushangaza: maumivu ya viungo yanaisha jioni hiyohiyo, au nguvu za kiume zinarudi ndani ya saa moja. Katika nchi nyingi maabara zimekuta dawa za aina hiyo zimechanganywa kisirisiri na dawa za hospitali, hasa steroidi kama deksamethasoni, au sildenafili. Mtu mwenye presha akimeza sildenafili bila kujua, huku anatumia dawa za moyo zenye naitreti, shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla akafa. Steroidi zikitumiwa kwa miezi hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na hufungulia mlango kifua kikuu.

Kamwe usikubali kuacha dawa za ARV, kifua kikuu, kisukari, kifafa au presha kwa neno la mtu asiyeweza kupima damu yako. Kipimo na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure, na ARV pia ni bure, kwa hiyo kwa magonjwa hayo mawili hoja ya gharama haipo. Mwenye kikohozi cha wiki mbili anatakiwa kupimwa makohozi kabla ya kuanza kunywa osokonoi ya kikohozi.

Yapo mambo yasiyongoja mganga yeyote, awe wa jadi au wa duka la dawa. Mjamzito anayetoka damu, mwenye degedege au aliyeanza uchungu tangu jana. Mtoto anayeshindwa kunyonya, au aliyelegea kwa kuharisha. Mtu aliyepoteza fahamu. Na kuumwa na nyoka, jambo ambalo bondeni tunaishi nalo kila msimu. Kwa nyoka, jiwe jeusi halivuti sumu; kuchanja ngozi na kufunga kamba kwa nguvu huharibu mguu zaidi. Mlaze mtu atulie, mguu au mkono usitikiswe, vua pete na bangili kabla ya uvimbe, na mtafutie gari. Piga simu mbele kuuliza kama kituo kina dawa ya sumu ya nyoka, kwa sababu zahanati ndogo mara nyingi hazina, na saa moja iliyopotea kwenda mahali pasipofaa ni saa kubwa.

Ukifika hospitali, sema ulichokunywa. Hili naliomba kwa wagonjwa na kwa wauguzi pamoja. Mgonjwa huficha kwa kuwa mara ya mwisho alikaripiwa, na daktari anashindwa kuelewa kwa nini figo zimezidiwa. Chukua kipande cha gome au unga uliobaki, uufunge, uende nao. Muuguzi anayeuliza "na mitishamba gani?" kwa sauti ileile anayoulizia tembe ataokoa watu wengi kuliko anayemfokea mama mbele ya foleni.

Na ukiumizwa, usirudi nyumbani ukalala. Hifadhi chupa, kibango, ujumbe wa M-Pesa na namba ya simu. Madhara ya dawa, hata ya mitishamba, yanaweza kuripotiwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu na mwananchi wa kawaida, au kupitia kituo cha afya. Aliyejifanya daktari ni wa kuripotiwa kwa KMPDC na polisi. Aliyechukua pesa kwa ahadi za uongo anashtakiwa kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, na kwa kosa hilo polisi hawahitaji kungoja sheria mpya ya waganga. Vijijini, anza na mhudumu wa afya ya jamii au afisa wa afya ya umma, kisha chifu. Wengi hawaripoti kwa aibu, hasa mambo ya uzazi na nguvu za kiume, na aibu hiyo ndiyo mtaji wa tapeli.

Rejista tunayoihitaji

Majirani zetu wametangulia. Tanzania ilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, ikaunda baraza chini ya wizara ya afya linalosajili waganga, vituo vyao na dawa zao, na kutangaza tiba bila kibali kukawa kosa. Zanzibar ina sheria yake. Uganda ilipata ya kwake mwaka 2019, na Afrika Kusini mwaka 2007. Sheria hizi hazikuwamaliza matapeli, na hata Loliondo ilitokea Tanzania ikiwa na sheria tayari. Tofauti ni kwamba huko mganga anahesabiwa kuwa mtu wa afya, na mgonjwa anayelalamika ana mlango wa kubisha.

Wakati mswada wa namna hii utakapoletwa kwa maoni ya umma, wakazi wa Kajiado wasiwaachie wanasheria na wauzaji wa vidonge vya mitishamba wa Nairobi peke yao. Ninavyoona mimi, kuna mambo ya kushikilia. Ushahidi wa ujuzi wa olabaani utoke kwanza kwa watu aliowatibu na wazee wanaomfahamu, mbele ya afisa wa afya wa kaunti, na aweze kujieleza kwa Kimaa bila kujaza fomu za kurasa kumi. Ada iwe ndogo kiasi kwamba mama anayeuza magome kwenye shuka kando ya barabara aweze kuilipa, maana ada kubwa humfukuza yeye na kumbakiza mwenye mabango. Siri ya mti aliorithi isiandikwe kwenye rejista ya wazi ambayo kampuni yoyote inaweza kuisoma. Kila aliyesajiliwa afunzwe dalili za hatari na apewe barua ya rufaa ambayo Hospitali ya Kitengela au ya rufaa ya Kajiado itaipokea kwa heshima, na daktari amrudishie majibu. Kung'oa vijino na kukata kimeo kutajwe kwa jina kuwa marufuku. Na rejista ipatikane kwa simu ya kawaida, isiyo na intaneti, ili mtu aliyesimama mbele ya kibango kwenye nguzo ya umeme aandike namba iliyopo hapo na kujibiwa palepale kama mwenye namba hiyo amesajiliwa, wapi, na kwa kutibu nini.